Idara inahamishwa nje ya mji: tuandike nini?

Swali: "Jambo sana Prof. Mimi ni CP, yaani kiongozi wa darasa, wa mwaka wa tatu katika taasisi moja ya elimu ya juu hapa Lubumbashi, Congo. Idara yetu imekuwa miaka yote katikati ya mji, kwenye jengo la kukodi. Sasa uongozi unasema mwaka ujao tunahamia majengo mapya nje ya mji, na umetuomba maoni ya wanafunzi kwa maandishi. Wenzangu wengi wanasema hakuna cha kuandika, masomo ni masomo popote, muhimu profesa afike. Wengine wanataka tuombe bustani na uwanja wa basketi. Mimi nahisi jambo hili ni kubwa kuliko hapo, lakini sijui nilielezeje. Je, mahali chuo kilipo panabadilisha kweli maisha ya mwanafunzi? Na panaweza kukibadilisha chuo chenyewe?"

Jibu:

Binti yangu, unahisi sawasawa. Mipango ya vyuo ndiyo kazi yangu, na katika kazi hiyo sijaona jambo linalodharauliwa kama hili. Watu wanajadili majengo kwa kuangalia rangi na vigae, kumbe mahali pa chuo ndipo panapoamua nani akutane na nani, saa ngapi, na wakishakutana waweze kufanya nini. Hayo yanagusa alama za mwanafunzi mmojammoja. Yanagusa pia uwezo wa chuo kujirekebisha, kwa sababu hakuna chuo kilichowahi kubadilika bila watu wake kupata pa kuongea.

Nianze na uchunguzi mmoja wa zamani ambao haujachakaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuo cha MIT huko Marekani kiliandaa nyumba ndogo na majengo ya ghorofa mbili kwa ajili ya wanafunzi waliooa, mtaa ulioitwa Westgate. Watafiti watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walitaka kujua marafiki wanapatikanaje, na matokeo yao yalitoka mwaka 1950. Wakazi wale walikuwa wa rika moja, masomo yao yakikaribiana, na walipangiwa nyumba bila kuchagua jirani. Urafiki ulifuata milango. Aliyekaa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa rafiki kuliko aliyekaa mlango wa nne, ingawa tofauti ilikuwa hatua chache tu. Waliokaa karibu na ngazi walifahamiana na watu wa ghorofa ya juu kuliko majirani zao wengine. Wachache ambao mlango wao ulitazama barabara, badala ya ua walioshiriki wenzao, walikuwa na marafiki chini ya nusu ya waliokuwa nao wengine.

Wewe kama CP, shika hasa sehemu inayofuata. Wapangaji wa Westgate walipoanzisha baraza lao, msimamo wa mtu kuhusu baraza hilo ulielekea kufanana na msimamo wa watu wa ua wake. Ua mmoja uliliunga mkono, ua mwingine ulilikataa. Watu wale walidhani wamefikiri kila mtu kichwani mwake, lakini mchoraji wa ramani alikuwa ameshaamua watasikia maoni ya nani.

Sasa turudi kwetu. Nenda ukasimame kwenye ngazi za jengo lenu la sasa, mhadhara wa asubuhi unapoisha, utazame tu. Kuna valvu, ule ubao wenye kioo ambako ratiba na matokeo ya mitihani hubandikwa. Kila mtu anapita pale kusoma. Akisoma, anamwambia neno aliye kando yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamuuliza wa mwaka wa tatu kama profesa fulani anauliza maswali ya kukariri au ya kufikiri. Hatua chache mbele kuna kijana wa fotokopi anayejua silabasi ipi imetoka na ipi bado. Kando yake mama anauza bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na asistanti naye anakula hapohapo, amesimama, sahani mkononi, kwa sababu hakuna mahali pengine karibu. Ndipo mtu anapomweleza asistanti kwamba nusu ya darasa haikuelewa sura ya tatu. Ukumbini, mbele ya watu mia tatu, hakuna ambaye angethubutu kusema hivyo.

Hakuna mtu aliyepanga mkutano ule, wala haumo kwenye bajeti ya taasisi yenu. Umetokea kwa sababu valvu, fotokopi, chakula na ngazi viko mahali pamoja, na kwa sababu kila mtu analazimika kupita pale. Katika michoro ya majengo mapya, valvu kwa kawaida hupelekwa kwenye jengo la utawala, chakula hupewa kantini iliyo upande wa pili wa uwanja, na mama wa bukari hufukuzwa langoni kwa hoja ya usafi. Miezi michache baadaye uongozi unashangaa kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajui chochote, na kwamba uvumi umekuwa mwingi.

Wenzako wanaosema masomo ni masomo popote, waulize kuhusu safari. Mwanafunzi anayekaa Katuba au Ruashi, komini (mitaa mikubwa) za mji wetu, chuo kikiwa katikati ya mji, anapanda gari moja na kufika. Chuo kikihamia nje, ni magari mawili, kwanza hadi mjini, kisha la kutoka mjini. Nauli inapanda, lakini nauli ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni jioni. Mhadhara wa mwisho ukiisha, darasa zima linakimbilia barabarani kabla ya giza, na wasichana wa kwanza kabisa, kwa sababu wanajua kusubiri gari kwenye barabara isiyo na taa kuna maana gani kwao. Kuanzia hapo hakuna kundi la kusomea pamoja, hakuna mdahalo, hakuna kwaya, hakuna kukaa maktaba. Chuo kinakuwa mahali pa kusikiliza na kuondoka.

Utasema basi tuombe mabweni. Alexander Astin, Mmarekani aliyefuatilia wanafunzi kwa miaka mingi, alionyesha kwamba anayekaa bwenini ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza masomo, na sababu aliyoitaja ni muda na nguvu ambazo mwanafunzi anatumia katika maisha ya chuo. Naikubali sababu hiyo. Hata hivyo bweni la kwetu tunalijua: chumba cha watu wawili kina watano au sita, wale wa kuandikishwa na wale maquisard wanaolala sakafuni kwa hisani ya mwenzao, ndoo zimepangwa kwenye korido, mmoja anapika, mwingine anajaribu kusoma kwa mwanga wa simu. Bweni kama hilo linampa mtu marafiki wa maisha na kumnyima usingizi. Kwa maoni yangu, taasisi isiyo na uwezo wa kutunza bweni iache kujenga bweni. Ijenge chumba cha kusomea chenye taa hadi usiku, na ipange gari la mwisho la kurudi mjini. Vitu hivyo viwili vinahudumia wanafunzi wengi kuliko vitanda sitini.

Kuhusu ukubwa wa chuo na kumbi zake, nakumbuka uchunguzi mwingine, wa Roger Barker na Paul Gump, uliotoka mwaka 1964 kuhusu shule za sekondari za Kansas. Shule kubwa ilikuwa na shughuli nyingi zaidi, lakini katika shule ndogo kila mwanafunzi alikuwa na kazi: huyu mwenye ngoma, yule mtunza fedha, mwingine mwandaaji wa sherehe. Katika shule kubwa wengi walibaki watazamaji. Kwa hiyo mkiambiwa kwa fahari kwamba jengo jipya lina ukumbi wa watu elfu moja, ulizeni na vyumba vya watu thelathini viko vingapi.

Sasa swali lako la pili, kama mahali panaweza kukibadilisha chuo. Hapa Lubumbashi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu.

Chuo kikuu chetu kilifunguliwa mwaka 1956, enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1971 Rais Mobutu alikiunganisha na Lovanium, chuo cha Kikatoliki kilichokuwa kilimani Kinshasa, na chuo cha Kiprotestanti cha Kisangani, vikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Kabla ya hapo, tarehe 4 Juni 1969, wanajeshi walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa, na mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Kuunganisha vyuo kulielezwa kama mpango wa elimu, lakini kulikuwa pia na ramani ndani yake. Vitivo vilitawanywa: saikolojia na ualimu Kisangani, sheria Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi. Wanafunzi waliokuwa wakikutana kwenye kilima kimoja waligawanywa katika miji iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Mtawala aliyeogopa wanafunzi alielewa nguvu ya mahali kuliko wenzako wanaosema masomo ni masomo popote.

Lakini angalia kilichozaliwa kwa upande mwingine. Wanaisimu, wanahistoria na wanaanthropolojia walijikuta katika mji wa wachimba shaba, wenye Kiswahili chake, nyimbo zake, na wachoraji wanaouza picha nyumba kwa nyumba. V. Y. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa, alifundisha hapa miaka hiyo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alifundisha hapa pia, na mwaka 1973 na 1974 alifanya kazi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja na kuieleza kwa Kiswahili cha hapa. Kiswahili cha wafanyakazi wa migodi, ambacho wasomi wengi walikiona cha mtaani tu, kikawa kitu cha kuchunguzwa kwa heshima. Hakuna amri ya wizara iliyosema hivyo. Mtu alifungua mlango, akakuta mchoraji ameshika turubai. Kama kitivo kile kingebaki kilimani Kinshasa, nasadiki kazi ile isingekuwepo, au ingekuwa nyingine kabisa. Ndiyo maana siogopi kila uhamisho. Ninachouliza ni watu gani wapya watakuwa mlangoni.

Kuna upande wa tatu, na huu ni mzito. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache baada ya Mobutu kutangaza vyama vingi, wanafunzi walishambuliwa ndani ya mabweni ya kampasi yetu ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: serikali ilikiri mmoja, mashuhuda walitaja wengi zaidi. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake, na utawala wa Mobutu haukupata tena heshima uliyokuwa nayo nje. Ninalitaja kwa sababu mahali palihusika. Kampasi iliyo mbali na mitaa ya watu ni tulivu kwa kusoma, lakini usiku ukiwa mbaya hakuna jirani wa kusikia wala wa kushuhudia. Unapoandika barua yako, andika kuhusu ukuta, lango, taa na njia ya pili ya kutokea. Si anasa. Wazazi wa hapa wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Nje ya Congo, mfano ninaoupenda ni wa Dar es Salaam. Chuo kilianza mwaka 1961 ndani ya mji, kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 kikapanda Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa, na Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne, huku akipunguza mshahara wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano wa kujadili kazi ya chuo kikuu katika nchi ya kijamaa, na masomo yenyewe yakaguswa. Wako wanaosema kilima kiliwatenga wanafunzi na wananchi. Naona ni kweli, ila ni nusu. Kilima hichohicho kiliwakusanya wakaweza kubishana usiku kucha, na miaka iliyofuata Mlimani pakawa mahali pa mijadala mikali kuliko pengi Afrika. Ni hivyo pia kule Nanterre, karibu na Paris: kampasi iliyofunguliwa 1964 kando ya vibanda vya wahamiaji, wanafunzi wakilalamikia upweke na kanuni za mabweni, na Machi 1968 vuguvugu likaanzia hapo. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa kimegawanywa.

Sasa tuje kwenye mageuzi yanayowahusu ninyi leo, maana hapa ndipo barua yenu itapata nguvu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia LMD, mfumo wa shahada tatu (Licence, Master, Doctorat). Uongozi wenu bila shaka unaisifu kwenye kila hotuba ya ufunguzi. Mfumo huu ulitoka Ulaya, kwenye makubaliano ya Bologna ya 1999, na unahesabu kazi ya mwanafunzi: mwaka mmoja una krediti 60, na huko Ulaya kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Zidisha mwenyewe utapata saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Hakuna profesa anayeweza kuzungumza mbele yenu saa zote hizo. Sehemu kubwa ni kazi yako mwenyewe na ya kikundi, kusoma, kutafuta, kuandika, kujadili.

Itafanyikia wapi? Nyumbani Katuba, umeme ukikatika, wadogo zako wakilia, huku mama akihitaji msaada jikoni? Kwenye ukumbi ambao mlinzi anaufunga saa kumi? Katika msimu wa mvua nimeona profesa akinyamaza katikati ya sentensi kwa sababu mvua imepiga mabati na hata safu ya kwanza haisikii. Wote wanakaa wakisubiri, na saa ile inaandikwa kwenye ripoti kuwa imefundishwa. Chuo kinaweza kubadilisha majina ya madarasa, kutoka graduat, ngazi ya kwanza ya mfumo wa zamani, kwenda licence ya miaka mitatu, na kuchapisha fomu mpya. Kama hakuna meza, taa na paa lenye dari, mageuzi yameishia kwenye fomu. Hoja hii iweke mwanzo kabisa wa barua, kwa sababu inatumia lugha ya uongozi wenyewe: mmetaka LMD, hizi ndizo saa zake, tuonyesheni viti vyake.

Baada ya hapo ombeni vitu vichache vinavyopimika. Chumba cha kusomea chenye saa za kufunguliwa zilizoandikwa mlangoni, na umeme wa akiba wa sola kwa chumba hicho kwanza kabla ya ofisi. Gari la jioni. Dari chini ya mabati katika kumbi zote. Vyoo vya wasichana vyenye maji na komeo la ndani. Kwa hili usione haya kulitaja, kuna wasichana wanaokosa mihadhara kila mwezi kwa sababu hiyo tu, na mabwana wanaoidhinisha michoro hawalifikirii. Mama wa bukari na kijana wa fotokopi wapewe kibanda ndani ya uwanja, kando ya valvu, kwa kodi ndogo. Bustani ni nzuri, na kivuli cha miti kinahitajika Oktoba joto linapopanda, basi ombeni miti mahali watu wanaposubiri gari. Basketi iwe ya mwisho.

Ombeni pia chumba kimoja cha wanafunzi, na ufunguo wake ukae kwenu. Chumba ambacho mnaazimwa kwa barua ya siku tatu kabla hakiwezi kuwa chenu, kwa sababu shida ya mwanafunzi haingoji siku tatu.

Na kuna jambo ambalo huenda halimo kabisa kwenye tangazo mliloletewa: je, uongozi nao unahama? Mara nyingi wanafunzi wanapelekwa nje ya mji huku mkurugenzi mkuu, makatibu wakuu na ofisi ya uandikishaji wakibaki katikati. Hapo mwanafunzi mwenye kosa kwenye alama zake anapoteza siku nzima na nauli mbili kutafuta sahihi moja, na baada ya mara ya pili anaacha. Malalamiko yanapungua, uongozi unadhani mambo ni shwari. Mwaka wa tatu baada ya kuhama unalipuka mgomo ambao hakuna ofisini aliyeuona ukija. Mkipata kitu kimoja tu katika barua hii, kiwe hiki: katibu mkuu wa masomo awe na ofisi kwenye kampasi mpya, na siku za kukaa humo zijulikane.

Kabla ya kuandika, kusanya majibu ya darasa lako kuhusu mambo mawili tu: kila mtu anakaa komini gani, na sasa anaondoka chuoni saa ngapi. Weka jedwali hilo kwenye ukurasa wa kwanza. CP wa mwaka wa kwanza na wa pili nao watie sahihi, kwa sababu wao ndio watakaokaa huko kuliko wewe. Nakala moja mpeni msimamizi wa bajeti mkononi, kabla mkandarasi hajalipwa awamu inayofuata, kwa kuwa dari na nyaya za umeme huongezwa kwa bei nafuu ukuta ukiwa bado wazi.